Kuni Hizi Zinamlipa Nani?

Sisi tunaoishi Kariakoo na mitaa inayopakana nayo, Gerezani, Mchikichini, Ilala, Jangwani mpaka Magomeni, tuna jambo letu na leo tunalisema kwa pamoja. Tumechoshwa na mkaa. Umetuchosha mfukoni, umetuchosha kifuani, na tumechoshwa zaidi na kuambiwa tuuache na watu ambao maishani mwao hawajaununua kwa kopo.

Anayetaka kutuelewa aanzie hapo kwenye kopo. Gunia likishushwa kwenye kibanda cha mtaani linamwagwa, linachambuliwa, kisha linauzwa upya kwa vipimo vidogo: debe, ndoo, sado, kopo. Mwenye nacho ananunua gunia. Aliye kwenye chumba kimoja cha kupanga, ambaye hana hata pa kuliweka hilo gunia, ananunua kopo. Na kopo lenyewe limegongwa kitako kikaingia ndani. Vipande viwili virefu vinasimamishwa mshazari ili katikati pabaki wazi, vidogo vinapangwa juu yake mpaka kopo lionekane limejaa pomoni, ndipo unamiminiwa kwenye kiroba chako. Ukifika nyumbani unakuta chini kuna kiganja kizima cha chenga na vumbi. Masika ndiyo balaa, mkaa unakuja umelowa, utapepea weee huku machozi yanakutoka. Ukibahatika unapata mkaa mzito wa miti ya porini, mtondoro au myombo. Ukigonganisha vipande viwili unasikia mlio wa chuma. Usipobahatika ni mkaa wa mwembe au mkorosho, mwepesi, unarusha cheche, na umeshakuwa majivu wakati maharage ndiyo kwanza yanaanza kuchemka.

Hesabu yake tumeipiga barazani mara nyingi. Nyumba ya watu watano inayopika mchana na usiku haitoki chini ya Sh 1,500 za mkaa kwa siku, na siku ya maharage au makande ni Sh 2,000 bila ubishi. Kwa mwezi hiyo ni kati ya 45,000 na 60,000. Mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6, unajazwa kwa elfu ishirini na kitu, na ukiutumia kwa uangalifu unakupeleka wiki mbili na zaidi. Kwa hiyo mitungi miwili mara nyingi haifikii bei ya mkaa wa mwezi. Kila anayekuja kutuhubiria nishati safi anatuonyesha hesabu hii kana kwamba hatujui kuzidisha. Tunajua sana.

Tatizo ni kwamba hela ya Kariakoo ni ya kutwa. Kuli wa Mtaa wa Kongo analipwa robota likishuka. Machinga wa Msimbazi hajui amepata nini mpaka jioni, akishatenga hela ya mzigo wa kesho. Mama lishe anauza sahani, anarudisha mtaji wa mchele na mafuta, na kinachobaki ndicho cha nyumbani. Mtu wa namna hiyo kila siku anayo elfu mbili ya mkaa, na hakuna siku anayo elfu ishirini na tano ya gesi. Akijitahidi kuidunduliza, mtoto anaugua, au mwenye nyumba anabisha hodi. Hili ndilo linalotuuma kuliko yote: mwenye kidogo ndiye anayelipa ghali, na analipa ghali kila siku, mwaka mzima, kwa sababu tu gesi inauzwa kwa kipimo ambacho mfuko wake hauna.

Mtu angedhani basi huko porini mkaa unakotoka kuna anayefaidi jasho hili. Wengi wetu tuna ndugu Kisarawe, Mkuranga, Rufiji, Handeni au Kilosa, na tunajua kazi ilivyo. Mti unaangushwa kwa shoka. Unakatwa magogo ya kulingana, magogo yanaburutwa hadi penye tanuri, yanapangwa, yanafunikwa majani, halafu udongo, ndipo linatiwa moto kwa tundu moja. Kuanzia hapo hakuna kulala. Tanuri likipasuka mahali hewa ikaingia, kazi yote inageuka majivu usiku mmoja. Mchomaji anazunguka na koleo lake akiziba nyufa, mchana na usiku, moshi wote anaumeza yeye, mpaka aone rangi ya moshi imebadilika ndipo ajue limeiva. Likishapoa linafumuliwa, mkaa unachokonolewa kutoka kwenye udongo ungali na joto, unajazwa magunia, magunia yanashonwa. Na mavuno? Kwenye tanuri la kienyeji la udongo, kilo 10 za mti zinatoa kilo moja ya mkaa, zikijitahidi sana mbili. Nguvu nyingine yote ya ule mti imepaa na moshi kabla hata ya kufika barabarani.

Kijana mmoja wa upande wa Kisarawe aliyeiacha kazi hiyo, sasa anasukuma mkokoteni hapa Mtaa wa Mkunguni, tulimuuliza kama kukata miti kunalipa. Akasema mkokoteni ni mzito, lakini angalau jioni anaiona hela yake. Kule alikuwa anauza gunia kwa bei anayoitaka mnunuzi mwenye gari, kwa kuwa yeye hana gari na gunia haliwezi kukaa porini likisubiri bei nzuri.

Kati ya gunia lile la porini na kopo letu la mtaani kuna msururu wa mikono. Kuna mrabaha wa serikali, ushuru wa kijiji na wa halmashauri, mwenye Fuso, mpakiaji, kizuizi na kizuizi kingine, mshushaji, dalali, mwenye kibanda. Wapo wanaolipa kihalali, na wapo wanaopita usiku wakiacha kitu kidogo kila panapowaka tochi. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2009 kuhusu mkaa wa Tanzania, ilikadiria kwamba nchi ilikuwa inatumia takriban tani milioni moja kwa mwaka, nusu yake ikiishia Dar es Salaam, na kwamba serikali ilikuwa inakosa mapato ya kiasi cha dola milioni 100 kila mwaka kwa kuwa sehemu kubwa ya biashara hiyo haipiti kwenye vibali. Hizo fedha hazikurudi kwetu zikashusha bei ya kopo, wala hazikubaki kwa mchomaji akajenga nyumba ya bati. Zimeishia njiani, na njiani hapo ndipo tungependa kuona ukali wa serikali. Mara nyingi tunauona kwa kijana wa baiskeli mwenye magunia mawili anayesukuma alfajiri kutoka Pugu kupitia Gongo la Mboto.

Wazee wa mitaa hii wanakumbuka kuni na mkaa vikitoka karibu, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, pale pale jirani na mji. Ni misitu ya hifadhi, na bado imekatwa vibaya. Mwaka 2010 watafiti walichapisha kazi iliyoonyesha jinsi uharibifu wa misitu ulivyotoka Dar es Salaam ukisogea nje kwa mawimbi: anatangulia mtafuta mbao za thamani, anafuata wa mbao za kawaida, na nyuma kabisa anakuja mchoma mkaa, anayemalizia kilichobaki. Sasa lori linatoka Lindi, linatoka Handeni, linatoka ndani kabisa ya Kilosa. Kila kilomita inayoongezeka ni dizeli, na dizeli hiyo inalipwa na mnunuzi wa kopo.

Tuseme haki hapa, maana barazani nako tunabishana. Kuna wanaosema mkaa ndio uliomaliza miti yote ya nchi hii. Si kweli. Misitu mingi inafyekwa kwa ajili ya mashamba, na myombo ukikatwa vizuri kisiki chake kinachipua tena pasipochomwa moto na pasipolimwa. Kilosa wamelionyesha hili. Tangu mwaka 2012, kwa mradi ulioendeshwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na mtandao wa jamii wa usimamizi wa misitu, MJUMITA, kwa fedha za Uswisi, vijiji kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwe vimegawa sehemu ya msitu wao vitalu vya mita 50 kwa 50, kimoja kinakatwa, cha jirani kinaachwa, na kilichokatwa kinapumzishwa miaka 24. Ushuru unaingia kwenye mfuko wa kijiji na umejenga madarasa. Huko, kukata mti kumemlipa mtu. Lakini huo ni mkaa wa vijiji vichache, na unapofika kibandani kwetu umechanganywa na ule wa wizi. Hatuna namna ya kuutofautisha, na wote unauzwa bei moja.

Makatazo nayo tumeyaona. Mwaka 2006 serikali ilipiga marufuku mkaa. Kina mama waliokuwa wanapika wakati huo wanakumbuka bei ilivyopaa ndani ya siku chache, mkaa ukauzwa kwa kificho, na baada ya wiki kama mbili katazo likalegezwa. Bei haikushuka ikarudi ilipokuwa. Mwaka 2023 likaja agizo kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Lengo hatulipingi hata kidogo. Serikali yenyewe hutaja kwamba watu wapatao 33,000 hufariki kila mwaka nchini kwa magonjwa yanayotokana na moshi wa jikoni, na sisi hatuhitaji takwimu, tunawajua wanaoumizwa na moshi huo. Ni bibi anayekohoa tangu Ramadhani. Ni dada aliyeingiza jiko chumbani mvua iliponyesha, akafunga mlango, akaamshwa na majirani. Tunachopinga ni lengo la taifa kuja mtaani likiwa amri tupu.

Tunaambiwa tupikie umeme. Karibuni muione nyumba ya Mtaa wa Nyamwezi au Narung'ombe ambayo haijavunjwa kupisha ghorofa. Vyumba nane, korido moja, mita ya LUKU moja. Kila mwisho wa wiki ni ugomvi wa nani ana friji, nani ana pasi, nani hajachangia. Sharti la kwanza la mwenye nyumba, kabla hajapokea kodi, ni kwamba jiko la umeme marufuku. Na hata mwenye mita yake peke yake ana mtego wake: matumizi yakiwa hayazidi uniti 75 kwa mwezi, unaweza kuwa kwenye bei nafuu ya Sh 100 kwa uniti kabla ya kodi, yakizidi na ukahamishwa kundi, uniti ni Sh 292. Ukiamua kupikia umeme chakula cha familia, utazipita hizo 75 bila kutaka. Yaani anayetii wito anaadhibiwa kwa kutii. Wataalamu waliopanga bei hii na wataalamu wanaohamasisha majiko ya umeme wakutane chumba kimoja, wazungumze.

Halafu kuna gesi yetu wenyewe. Gesi ya Songo Songo, mkoani Lindi, ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Mwaka 2015 likakamilika bomba kubwa zaidi kutoka Mtwara. Gesi hiyo inaendesha mitambo ya umeme, inaendesha viwanda, siku hizi na magari, na zipo nyumba chache upande wa Mikocheni na Chuo Kikuu zilizounganishwa moja kwa moja jikoni. Wengi mtaani wanadhani ndiyo hiyo inayojazwa kwenye mitungi, ndiyo maana wanauliza kwa nini iwe ghali wakati ni ya kwetu. Ya mitungi ni nyingine, inaletwa kwa meli kutoka nje na bei yake inapanda na kushuka na dola. Sasa tazameni: Lindi inatuletea vyote viwili, mkaa juu ya lori na gesi ndani ya bomba. Kinachofika jikoni kwetu ni mkaa. Chukueni Soko Kuu la Kariakoo, lililoungua Julai 2021 na kujengwa upya. Kuzunguka soko hilo kuna mamia ya mama na baba lishe wanaolisha eneo zima la biashara kwa kuni na mkaa, majiko yakiwa hatua mbili kutoka kwenye marobota ya nguo. Bomba la gesi kwa ajili yao, hata moja la sehemu ya kupikia ya pamoja, lingetoa watu wengi kwenye moshi kwa mara moja na kutupunguzia hofu ya moto ambayo hatujaisahau.

Tusijifiche pia nyuma ya visingizio, kwa sababu vipo. Kuna wanaosema wali wa gesi hauna ladha, kwamba wali wa nazi lazima upaliwe, mkaa juu ya kifuniko na mkaa chini. Ni mtamu kweli, na siku ya Idi au harusi hakuna atakayemnyima mtu wali wa kupalia. Pilau ya shughuli na chakula cha msibani, masufuria yale makubwa, yataendelea kukaa kwenye mafiga na kuni za mabanzi kutoka kwa mafundi wa Keko, na hiyo haiangushi mti wowote kwa kuwa ni mabaki ya mbao. Lakini chai ya asubuhi haina haja ya kupaliwa. Kuukoka mkaa nusu saa ili uchemshe maji ya uji wa mtoto ni kupoteza muda wa mama na mti wa mtu kwa kitu cha dakika tano. Wanaume wa barazani wanaosifu ladha ya mkaa mara nyingi si wao wanaoupepea.

Mitungi tumegawiwa, tunashukuru. Wamegawa wabunge, zimegawa kampuni, na Wakala wa Nishati Vijijini anauza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku inayofika nusu ya bei kwa watu wa vijijini. Sisi wapangaji wa katikati ya jiji tunahesabiwa kuwa watu wa mjini, wenye uwezo. Na mtungi wa bure ukiisha, kuujaza ni hela yako. Zipo nyumba nyingi hapa ambazo mtungi umesimama pembeni, mtupu, mtu anaukalia huku anapepea jiko la mkaa. Msaada unaoishia kwenye mtungi wa kwanza umewasaidia zaidi waliopiga nao picha.

Ukituuliza basi kama kukata miti kwa ajili ya kuni na mkaa kunalipa, jibu letu, ukiacha vile vijiji vichache vya Kilosa, ni hapana. Hakumlipi aliyeshika shoka, hakumlipi anayepepea, na msitu haulipwi kabisa. Tunaendelea kununua kwa sababu ndicho kitu pekee kinachouzwa kwa kiasi tulichonacho mfukoni saa kumi na mbili jioni.

Ombi letu ni hili. Tuuzieni gesi kwa elfu mbili. Haya si maajabu: mita ya kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu ilibuniwa na kujaribiwa hapa hapa Dar es Salaam na kampuni ya KopaGas, kabla teknolojia yake haijanunuliwa mwaka 2020 na kampuni ya Circle Gas. Mtungi unakaa kwako, unalipia unachotumia, kama tunavyonunua LUKU. Ruzuku iwekwe kwenye kujaza, siyo kwenye mtungi wa kwanza tu, na imfikie mpangaji wa Gerezani kama inavyomfikia mwanakijiji. Anayepika kwa umeme asipandishwe bei kwa sababu amepika. Na yule mchomaji wa Kisarawe na Kilosa awekewe utaratibu wa kukata na kuotesha utakaomlipa, badala ya kukimbizwa porini na kuachiwa njaa. Waziri mwenye dhamana ya nishati, wabunge wetu, madiwani wa kata hizi: anzeni na mtaa mmoja wa Kariakoo, nyumba kwa nyumba, gesi ya elfu mbili ipatikane ilipo mkaa wa elfu mbili. Mkishafanya hivyo, njooni mkataze mkaa. Tutawasaidia wenyewe kuvifunga vibanda.